Faili Lililonenepa

Kila siku jua likifika utosini, kabla ya kula, Seline alinakili faili la watoto kwenye disketi ile ile moja, juu ya nakala ya jana, akaiandika tarehe mpya kwa penseli na kuifungia kabatini. Jumanne hiyo disketi ilijaa kabla kazi haijaisha. Mashine ikaomba nyingine.

Seline alihesabu vidoleni. Wiki nzima hakuwa ameandikisha mtoto hata mmoja, na wiki mbili zilizopita alikuwa amepunguza ishirini na watatu. Kikapu kikitolewa vitu huwa chepesi. Hiki kilikuwa kimeongeza uzito. Aliingiza disketi ya pili, akala muhogo wake, akajiambia mashine nazo huzeeka.

Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya kupanga huko Migosi, vyumba viwili na stoo nyuma. Shirika liligawa maziwa ya unga kwa watoto dhaifu wa kando ya ziwa, kuanzia Dunga hadi upande wa Kombewa, na kila mtoto alikuwa na fomu yake ndani ya kompyuta: jina, mama, ufuo, umri, uzito. Seline ndiye aliyezijaza. Alikuwa na miaka kumi na saba. Aliacha shule akiwa Kidato cha Pili, baba yake alipozikwa, na tangu siku hiyo sare yake ilikaa imekunjwa ndani ya sanduku la Anti Lornah, dada ya baba, aliyemchukua akae naye.

Bwana Dishon, mkubwa wa ofisi, alijua habari za sare ile. Mwezi wa nne mvua ilikuwa imeingia stoo, maziwa yakashika unyevu, akaamuru yagawiwe hivyo hivyo. Watoto wakaanza kuharisha. Walipokufa ishirini na watatu, alifunga mlango akamwita Seline.

"Wageni wanakuja mwezi wa sita," alisema kwa sauti ya upole. "Wakiona vifo hivi, ofisi imefungwa. Sasa wewe utarudi shule na nini? Futa hao. Faili likiwa safi, shirika litakusomesha mpaka umalize Kidato cha Nne. Barua nitaiandika mimi mwenyewe."

Seline akafuta. Alibonyeza mara ishirini na tatu, haraka, bila kusoma majina, kama mtu anayepita makaburini akiangalia vidole vya miguu yake. Jina moja tu lilimkwama machoni, Amolo wa Dunga, kwa sababu lilikuwa la kwanza na alikuwa bado hajajifunza kutosoma.

Jumatano disketi mbili hazikutosha. Alhamisi alitumia nne, na chumba kikaanza kunuka. Alidhani ni panya aliyekufa. Akasogeza kabati, akapiga deki kwa dawa, lakini harufu haikuwa ya panya. Ilikuwa ya maziwa yaliyochacha, na kila alipokaribia kompyuta ilizidi.

Mchana huo alibaki peke yake. Nje jua lilikuwa kali, mabati yakialika kwa joto, na hakuna jani lililotikisika. Alitaka kumwandikisha mtoto mpya wa Kombewa, akafungua fomu tupu. Fomu haikuja tupu. Kwenye nafasi ya jina paliandikwa AMOLO. Kwenye nafasi ya ufuo, DUNGA. Kwenye nafasi ya uzito hapakuwa na namba, palijaa alama tatu za nyota.

Akafuta jina kwa kidole, herufi moja moja, nalo likarudi herufi moja moja, bila haraka, kama mtoto anayejifunza kuandika. Akazima mashine, akaiwasha, akafungua fomu nyingine na nyingine, zote zikamletea Amolo wa Dunga na nyota zake tatu, na ndipo aliposikia, kutoka kwenye mdomo wa mashine pale disketi inapoingia, sauti ndogo yenye unyevu, ikivuta na kupumzika, ikivuta na kupumzika, sauti ambayo kila aliyelala nyumba moja na mama anayenyonyesha anaijua hata akiwa usingizini.

Hodi ikabishwa mlangoni. Seline nusura apige ukelele.

Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye magamba ya samaki mikononi. Hakuketi.

"Mimi ni mama ya Amolo," alisema. "Kutoka Dunga. Ni wewe ulimwandika."

"Ndio, mama."

"Sikuja kugombana. Maziwa yenu pia sitaki. Nataka karatasi yenye jina lake. Picha sina. Kadi ya kliniki tulimzika nayo. Hapa ndani tu ndipo ameandikwa." Akaielekeza kompyuta kwa kidevu. "Yuko?"

Seline alitazama skrini, iliyompa mama yule kisogo.

"Yuko," alinong'ona. "Lakini mashine ni mgonjwa. Kuja Jumatatu, mama."

"Jumatatu," mama Amolo alirudia. Alipokuwa akitoka alisimama, akavuta hewa puani.

Ijumaa asubuhi Bwana Dishon alimleta Jitendra, fundi wa kompyuta kutoka mjini, mtu mnene mcheshi aliyebeba bisibisi mfukoni kama kalamu.

"Dada, faili hii unailisha nini?" alicheka akivuta kiti. "Imenenepa kunishinda mimi."

"Watoto niliwapunguza, Bwana Jitendra. Niliwafuta ishirini na watatu."

"Ah! Hapo ndipo mnakosea nyote. Programu hii ukifuta mtu haimtoi. Inamwekea nyota kando ya jina, inamficha, basi. Ni kama mama mkwe akiingia chumba cha ndani. Humwoni, lakini chai anakunywa." Akabonyeza. "Tazama. Hawa hapa wote."

Mistari ishirini na mitatu ikapanda kwenye skrini, kila mmoja na nyota yake. Seline aligeuza uso dirishani.

Jitendra aliendelea kucheka kidogo, kisha akaacha.

"Lakini hawa ni kidogo. Watu ishirini na tatu hawajazi hata pembe ya disketi moja." Akasogea karibu. "Na hii uzito, mbona nyota tena? Hizi ni nyota za aina nyingine. Maana yake namba ni kubwa, haienei nafasi uliyoipa. Huyu Amolo uliandika kilo ngapi?"

"Tano na nusu."

"Tano inaenea. Ngoja nipanue."

Akapanua nafasi ya uzito ikawa ya tarakimu tano. Zikatokea nyota tano. Akapanua ikawa ya nane, zikatokea nane. Akapanua ikawa ya kumi na mbili, na nyota zikatambaa zikaijaza yote mpaka ukingoni, kwa Amolo na kwa waliomfuata, mstari chini ya mstari, na ile sauti ya kunyonya ikaanza tena, safari hii si ya mdomo mmoja bali ya midomo mingi inayogombea titi moja, na Jitendra akaondoa mikono yake kwenye kibodi polepole, kama mtu aliyegundua kwamba ameishika sufuria iliyo motoni.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini. "Hawa ni nani?"

"Ni marehemu."

"Wote?"

Seline akaitikia kwa kichwa.

Bwana Dishon akaingia akijipepea kwa bahasha. "Fundi, imepona?"

"Kuna njia mbili, Bwana Dishon." Jitendra hakugeuka. "Ya kwanza, kuwarudisha. Nyota zitoke, wasomeke tena kama walivyoandikwa. Ya pili ni kulifungasha faili. Hiyo inatupa kila mwenye nyota. Ikishafanyika, hakuna fundi wala mganga wa kuwarudisha."

"Fungasha."

"Mimi mkono wangu hauendi. Nina wawili nyumbani." Aliandika neno la amri kwenye skrini, akaacha bila kulibonyeza, akainuka. Kwa Seline alisema polepole, "Waandike kwa kalamu kwanza. Majina ishirini na tatu ni dakika kumi. Hata wakitoka humu, wawe mahali." Akaenda zake bila kuomba malipo.

Saa sita ilikuwa inakaribia. Seline alichukua penseli yake ya kuandikia tarehe. Aliishika. Ndipo Bwana Dishon akaitoa barua kwenye bahasha na kuilaza juu ya kibodi, ikiwa imeandikwa kwa taipu, jina lake lote bila kukatwa, na jina la shule, na neno Januari.

"Hiyo penseli ya nini?" aliuliza. "Unataka wageni wakute karatasi? Barua inangoja sahihi yangu tu, msichana."

Seline alisoma barua. Aliisoma mara mbili. Penseli akairudisha kwenye kopo, akabonyeza.

Taa ya mashine iliwaka ikakaa. Ile midomo ilinyonya kwa nguvu, kisha ikakoma yote mara moja, kama mtoto anapong'olewa titini kabla hajashiba, na Seline akakaza mwili akingoja kilio kinachokuja baada ya hapo. Hakikuja. Harufu ikaisha. Alipolinakili faili juu ya nakala ya zamani, disketi moja ilitosha na nafasi ikabaki kubwa; zile za ziada akazifuta. Bwana Dishon akatia sahihi. Na Seline, mtu asimsingizie, alifurahi. Alitembea kwenda nyumbani ameibana barua kwapani.

Nyumbani alimkuta Anti Lornah uani, akimtembeza mtoto wake wa wiki tatu, ambaye bado hakuwa amepewa jina. Mtoto huyo wa kike alikuwa mpole tangu azaliwe. Leo alikuwa akilia mpaka sauti imepasuka.

"Alianza saa sita kamili," Anti alisema. "Titi hataki. Homa hana."

Alilia Jumamosi. Alilia Jumapili, majirani wakitoka kanisani wakachungulia ukutani. Jumatatu asubuhi Seline alikwenda kazini bila kulala, na saa tatu mama Amolo akabisha hodi, amevaa rinda safi.

"Nimekuja kwa karatasi."

Bwana Dishon alikuwa mlango wa pili, akiwasikia. Seline alitazama kibodi.

"Hakuna jina hilo, mama."

"Ulisema yuko."

"Nilikosea."

Mama yule alimtazama kwa muda mrefu, bila hasira, na hilo lilikuwa baya kuliko matusi.

"Sawa, nyathina," alisema. Alimwita mwanangu kwa Kijaluo, kana kwamba anamhurumia. "Basi atatafuta mahali pengine pa kuandikwa."

Jioni Seline alipofika, Anti Lornah alikuwa ameketi kwenye mkeka, macho mekundu, mtoto mapajani.

"Anadai jina," alisema. "Kuna marehemu anataka arudi kwa huyu. Mama yangu alikuwa akitaja wafu wa nyumba mmoja mmoja, na mtoto akinyamaza, ndiye huyo. Nimewataja wote. Rosa, nyanya yako. Apondi. Hata yule wa Kombewa ambaye hatukuelewana naye. Wote amewakataa." Akamwinua kwa shida. "Na mbona amekuwa mzito hivi? Tangu Ijumaa hajanyonya. Mshike."

Seline alimpokea na mikono yake ikashuka. Ni kama alikuwa amepewa debe la maji. Akainama juu ya ule uso mdogo uliokunjamana, na pumzi ya mtoto ikamfikia puani, nayo ilikuwa ya maziwa yaliyochacha.

Hakutaka kusema. Midomo ilisema.

"Amolo."

Mtoto akanyamaza.

Kimya kikawa kikubwa hata jiko likasikika. Mtoto akafumbua macho, akamtazama Seline jinsi watoto wa wiki tatu wasivyoweza kutazama, akaanza kunyonya hewa, akivuta na kupumzika.

"Amolo ni nani?" Anti Lornah alinong'ona. "Kwetu hatuna Amolo."

Seline alikuwa akilia. "Ni wa Dunga, Anti. Ni wa kwanza."

"Wa kwanza? Wa kwanza wa wangapi?"

Kabla hajajibiwa mtoto akajikunja na kilio kikarudi. Hakikuwa kile cha siku tatu. Hiki kilikuwa chembamba, cha mtoto mkubwa kidogo, mwenye kikohozi ndani yake.

Anti Lornah alirudi nyuma mpaka ukutani. "Huyu si yule," alisema. Kisha mama aliye ndani yake akamshinda mwoga, akaja akamchukua mtoto wake. "Seline. Unawajua. Taja mwingine."

Seline alifumba macho akatafuta. Aliiona mistari ikipanda kwenye skrini. Aliziona nyota zote, safi kabisa, na kando ya nyota aliliona dirisha, maana dirisha ndilo alilolitazama majina yalipokuwa yakipita. Akaitoa barua ya shule, akaigeuza upande mtupu, akachukua penseli na kuandika namba kwenda chini, moja mpaka ishirini na tatu. Mbele ya moja akaandika Amolo. Mbele ya mbili penseli ikasimama.

"Haraka, nyathina," Anti Lornah alisema, akizama taratibu kwenye mkeka na mtoto kifuani. "Haraka, mikono yangu inashindwa."