Kanisa la Boksi

Mtaani kwetu, ikifika Desemba, hakuna boksi linalotupwa. La sabuni, la viberiti, la dawa, yote hupakwa rangi yakawa nyumba ndogo za pango la Noeli. Yurany, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyekuwa fundi wetu. Kila siku akitoka shule humpa mdogo wake Duván chakula, humwogesha, kisha hukaa na gundi yake mpaka mama arudi kutoka kuchuma kahawa.

Siku moja Duván alikohoa na kulia mchana kutwa. Mama alikuwa amekataza mtoto kupewa dawa yoyote yeye asipokuwepo. Lakini Yurany alitaka kumaliza pango lake, lililobaki kanisa tu! Akakimbia dukani, akanunua dawa ya kikohozi, akampa vijiko viwili. Duván akalala. Boksi la dawa likawa kanisa.

Baada ya siku mbili Duván aliacha kukojoa. Uso ukamvimba, akalazwa hospitali ya mkoa na kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Yurany akaitupa chupa mtoni, asimwambie mtu.

Jumatatu wakaja wageni wanne kutoka mji mkuu, Bogotá, wa idara ya serikali inayofuatilia usalama wa dawa madukani. Mkuu wao, Daktari Ofelia Bermeo, hakukalia kiti alichopewa. Alipiga magoti jikoni, akapekua pipa la taka kwa mikono yake.

"Mama Esneda, watoto sita wameharibika figo," alisema. "Wako alikunywa nini?"

"Maji ya sukari guru tu, daktari. Mimi simpi dawa hovyo."

"Na wewe, binti?"

"Sijui," alisema Yurany, macho chini.

Daktari alijifuta mikono. "Nimetajiwa dawa nne tofauti. Nikizuia zote, wagonjwa watakosa dawa nzuri. Nikikosea, yenye sumu inabaki dukani. Nahitaji boksi lenye namba ya toleo iliyopigwa kiwandani. Hapa maboksi yote mmeyafanya nyumba, jamani, na sijui nibomoe ipi! Kwetu pia, utotoni, tulifanya hivyo."

Yurany alitazama pango lake kule pembeni. Angesema, mama angejua kwamba ni yeye aliyemuumiza Duván.

Jumamosi Daktari Ofelia alirudi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Kabla hajaketi, kilio kikalipuka nyumba ya jirani. Salomé, mtoto wa miaka minne aliyekuwa akicheza na Duván, alikuwa amefia hospitalini. Mama yake alikuwa amemnunulia dawa ya kikohozi Jumanne, duka lile lile.

Yurany alilinyakua kanisa kutoka pangoni, akalipasua.

"Ni hii! Nilimpa Duván mimi. Mama, nisamehe, nilimpa mimi!"

Mama alishika ukuta. Daktari alikwangua rangi nyeupe kwa ukucha, namba ikatokea. Akapiga simu palepale, akaisoma mara mbili. Kabla ya jua kuzama, dawa ile ilikuwa imeondolewa madukani katika miji yote mitatu ilikokuwa ikiuzwa, na kiwanda kilichoitengeneza kimefungwa kwa uchunguzi.

"Daktari," Yurany aliuliza akilia, "nimemuua Salomé?"

Daktari Ofelia alivua miwani. Hakuwa mtu wa kubembeleza kwa uongo.

"Hapana. Sumu iliingia kiwandani, na hata kijiko kimoja kingemdhuru Duván. Lakini ungeniambia Jumatatu, Jumanne dawa hiyo isingekuwepo dukani. Hilo utaishi nalo, mwanangu, na mimi nitaishi na langu, maana sikukuuliza mara ya pili. Ukiulizwa mgonjwa alikunywa nini, sema, hata kama umekosea. Kuchapwa kunapita. Twende sasa kwa mama yake Salomé. Tutakwenda wote."

Walikwenda. Mama Salomé aliwasikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango.

Duván alirudi nyumbani siku mbili kabla ya Noeli, amekonda, miguu haina nguvu. Alitambaa hadi pangoni.

"Yura, kanisa liko wapi?"

Mama alimtazama Yurany, akasubiri.

"Keti hapa," Yurany akamwambia. "Nitakueleza yote."