Kilichokuwa Chini ya Bustani ya Nkhono

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule ya kijiji cha Ha Mokhethi kulia, Puseletso alibeba ndoo ya maji yaliyooshewa vyombo na kupanda nayo njia ya mawe hadi nyumbani kwa bibi mmoja aliyeishi peke yake. Bibi huyo aliitwa 'Mamohau. Hakuwa bibi yake wa damu, lakini kijiji kizima kilimwita Nkhono, bibi wa wote.

Puseletso alikuwa na miaka kumi na miwili. Juu ya sweta ya shule alivaa fulana ya manjano ya klabu ya vijana, na aliivaa karibu kila siku.

"Hiyo fulana utazikwa nayo," alimtania Teboho, mwenzake wa klabu, walipokutana njiani. "Jana ulikuwa nayo, juzi ulikuwa nayo. Inafuliwa lini?"

"Inafuliwa ukiwa umelala," Puseletso alijibu.

"Mimi silali, dada. Mimi nachunga ng'ombe."

Puseletso alicheka, lakini kicheko hakikushuka hadi moyoni. Alipofika kwa Nkhono alimimina maji ndani ya kikapu cha fito kilichosimama katikati ya bustani. Bustani yenyewe ilikuwa ya duara, imejengewa ukuta wa mawe unaofika kiunoni ili mwenye mgongo mbovu asiiname. Maji ya kikapuni yalitakiwa kusambaa taratibu chini kwa chini hadi kwenye mizizi. Badala yake yalichuruzika kati ya mawe, yakatokea nje na kumlowesha viatu. Spinachi ilikuwa ya njano, na karoti hazijazidi unene wa kijiti cha kiberiti.

"Umeamkaje, mwanangu?" Nkhono alimsalimu kutoka mlangoni, blanketi mabegani.

"Salama, Nkhono. Shikamoo."

"Marahaba. Usijisumbue sana na maji. Bustani hii haina kosa, na wewe huna kosa. Mimi ndiye mwenye kosa."

Puseletso alitaka kuuliza kosa gani, lakini kengele ililia na akapata sababu ya kukimbia.

Ukweli ni kwamba alijua vizuri kwa nini mboga zile zinakufa.

Miezi miwili nyuma, Dada Refiloe, kiongozi wa klabu, aliwagawia wanachama wapya kazi ya kuwajengea bustani wazee wa kijiji. Bila malipo. Atakayemaliza bustani yake vizuri angepokelewa rasmi na kupewa fulana. Puseletso na Teboho walipewa nyumba ya Nkhono, kwa kuwa Nkhono alikuwa na dawa za kunywa kila siku, na nesi alisema dawa hizo zinataka chakula chenye mboga.

Walijenga ukuta pamoja. Kisha Teboho akaitwa na baba yake kupeleka ng'ombe malishoni mlimani, na Puseletso akabaki peke yake na siku nne. Dada Refiloe alikuwa amewafundisha vizuri: chini kabisa makopo yaliyoota kutu, juu yake majivu, kisha samadi, nyasi kavu, udongo, halafu tena samadi, nyasi kavu, udongo, hadi juu. Makopo na majivu walikuwa wameyakusanya wakati wa ujenzi, lakini samadi ilikuwa kwenye zizi la juu, mlima mzima kutoka pale. Alikwenda mara moja. Gunia lilimchubua bega, akalimwaga njiani. Siku ya pili alitazama mlima, akatazama korongo lililo nyuma ya nyumba, lenye udongo mwekundu usio na mwenyewe.

Akajaza bustani udongo wa korongo. Hata yale makopo na majivu hakuyaweka. Aliyaacha nyuma ya choo. Juu kabisa akatandaza udongo mweusi wa unene wa kiganja kimoja, akausawazisha kwa mkono hadi ukapendeza.

"Nilikuacha siku nne tu!" Teboho alishangaa aliporudi. "Umeota mikono mingine?"

Dada Refiloe aliitazama bustani kutoka juu, akatabasamu, akampa kila mmoja fulana yake. Wanachama walipiga makofi. Puseletso alijiambia kwamba mboga haijui kilicho chini. Lakini mboga ilijua.

Ijumaa ile, baada ya shule, alimkuta Nkhono akimsugua kondoo wake kwa kitambaa chenye maji. Alikuwa naye huyo mmoja tu.

"Kondoo anakwenda harusini, Nkhono?"

Nkhono hakucheka. "Anakwenda kwa chifu. Kesho kuna mkutano. Kaa hapa nikuambie. Mzee Lepekola alipofariki, unakumbuka? Alikuwa bado yuko ndani, hajazikwa, nami nikaona majani yamelegea kwa jua. Nikayahurumia. Nikayapelekea maji, nikapalilia kidogo. Tangu siku ile bustani inakufa."

Huko Ha Mokhethi, maiti akiwa hajazikwa, hakuna mtu anayegusa jembe. Hata watoto wanajua kwamba anayevunja mwiko huo huvuta mvua ya mawe juu ya mahindi ya watu wote.

"Imeanza na bustani yangu," Nkhono aliendelea, akikamua kitambaa. "Sitaki ifike kwenye mashamba ya wenzangu. Kesho nitasimama mbele yao, niseme ni mimi, na kondoo huyu nimwache pale awe faini yangu. Wiki tatu sasa namwomba marehemu msamaha kila ninapokula."

Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema. Puseletso alifungua mdomo, akaona fulana yake ya manjano, akaufunga tena. Aliaga na kuondoka bila kuchukua ndoo yake.

Jumamosi asubuhi klabu ilikuwa ikipaka chokaa ukuta wa kanisa, kando ya njia ya kwenda kwa chifu. Nkhono alitokea akitembea polepole, amevaa blanketi lake la sherehe, kondoo nyuma yake.

"Nkhono!" Teboho alipaza sauti. "Huyo tumpake chokaa naye? Naona amechafuka kidogo!"

Watoto waliangua kicheko. Nkhono aliinua mkono kuwasalimu, akaendelea na safari yake. Puseletso alimtazama mgongo. Alikuwa ameinama zaidi ya jana. Mara burashi ikamponyoka mkononi, naye akatoka mbio, chokaa imemtapakaa miguuni, hadi akasimama katikati ya njia mbele ya bibi na kondoo wake.

"Rudi nyumbani, Nkhono. Si wewe. Ni mimi!"

"Wewe umefanya nini, mtoto?"

"Sikuweka samadi. Sikuweka nyasi wala makopo. Nilijaza udongo wa korongo, kisha nikafunika kwa udongo mweusi ili nipewe fulana. Bustani ilikuwa imekufa kabla hata Mzee Lepekola hajaugua."

Nyuma yake kicheko kilikuwa kimekatika. Wenzake wote walisikia.

Dada Refiloe na klabu nzima waliwafuata hadi kwa Nkhono. Dada Refiloe alimpa Teboho koleo. Lilizama kiganja kimoja, kisha likagonga kitu kigumu kama tofali. Teboho aliinua bonge jekundu, kavu, akamtazama Puseletso. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

Nkhono alikaa juu ya ukuta wa mawe, akafuta macho kwa pembe ya blanketi.

"Wiki tatu," alisema kwa sauti ndogo.

Hilo ndilo lililomuuma Puseletso kuliko viboko. Alivua fulana ya manjano, akaikunja, akampa Dada Refiloe.

Dada Refiloe hakuipokea. "Hukunidanganya mimi peke yangu," alisema. "Mpe mwenye bustani."

Nkhono aliichukua, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wake. "Itakusubiri hapa," alisema. "Na mkutano wa chifu upite bila kondoo wangu. Lakini kwa mjane wa Lepekola nitakwenda kumwomba radhi. Siku ile nilipaswa kuwa naye, si na spinachi."

Walitoa udongo wote. Siku sita mfululizo baada ya shule, Puseletso alipanda hadi zizi la juu na gunia lake. Siku ya kwanza alikwenda peke yake. Siku ya pili alimkuta Teboho ameketi njiani na gunia tupu.

"Usinishukuru," alisema. "Nilipewa fulana kwa bustani ambayo sikuiona ikijazwa. Tembea, mlima haujipandi wenyewe."

Makopo yaliingia, majivu, samadi, nyasi, udongo, na tena. Dada Refiloe alikagua kila tabaka kwa mkono wake mwenyewe, na tangu hapo alifanya hivyo katika kila bustani.

Mvua za kwanza zilipofika, spinachi mpya ilikuwa pana kama masikio ya ndama. Nkhono alichuma fungu la kwanza, akaingia ndani, akatoka na fungu hilo limefungwa kwa fulana ya manjano.

Puseletso alisita kuipokea. "Dada, bado ninafaa klabuni?"

Dada Refiloe alimwekea mkono begani, pale gunia lilipokuwa limemchubua.

"Hatutafuti watoto wasiokosea, Puseletso. Tungewatafuta, klabu ingekuwa na kiti kimoja, nacho kitupu. Lakini kazi ya kujitolea tunaifanyia mtu, hatuifanyii makofi. Ukiificha kasoro yake, yule uliyetaka kumsaidia ndiye anayeibeba, na yeye hata hajui amebeba nini. Ulichelewa kusema. Ila ulisema kabla hajafika kwa chifu, na ulisema ukijua sote tunasikia. Vaa fulana yako."

Aliivaa. Ilinukia moshi wa jiko la Nkhono.

"Sasa hiyo," Teboho alisema, "usiifue kabisa."