Usiifananishe na Kitu

Wapiga gitaa wana ugonjwa wao, na ugonjwa huo hauna dawa hospitalini. Mtu ana pedali mbili nzima kabisa, bado halali akiwaza ya tatu. Uzi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa mgonjwa mahututi.

Kwa asiyejua, pedali ni kisanduku cha chuma kinacholala sakafuni kati ya gitaa na spika. Ukikikanyaga, kitaa chekundu kinawaka, na sauti ya gitaa iliyokuwa safi inaanza kukwaruza, kama mtu anayeimba huku amezuia kilio. Zipo zinazokwaruza vizuri na zipo zinazokera tu. Kazi ya Uzi kila Jumamosi asubuhi, akishamaliza chai, ilikuwa kuzilinganisha.

Alikuwa na utaratibu wake. Alikaa ameelekea ukuta, gitaa mapajani, ili rangi ya kisanduku isimdanganye. Mdogo wake wa kike, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza, ndiye aliyekanyaga. Uzi alipiga noti zilezile tano, akasikiliza, kisha akaandika kwenye daftari sauti inafanana na nini.

"Hii?" Chiriku aliuliza Jumamosi ile, akikanyaga nyekundu.

"Kama mafuta yanayokaanga."

"Na hii?"

"Nyuki ndani ya kopo."

"Kaka, wewe gitaa hulipigi, unalifungulia mashtaka!" Akacheka mpaka mama yao akagonga mlango kuwaambia wapunguze kelele. Ilikuwa asubuhi nzuri. Naisema kwa sababu hawakupata nyingine.

Mchana walienda mazoezini, na huko kiongozi wa bendi akawapa habari. Jumamosi inayofuata wangeingia studio kurekodi wimbo mmoja. Uzi alikuwa amepiga gitaa katika bendi hiyo miaka kumi na minane. Ncha za vidole vyake zilikuwa ngumu kama kwato. Chiriku, mwimbaji wao, alikuwa na miezi minane tu humo.

"Wimbo huu unataka kitu kimoja kilie," kiongozi alisema. "Gitaa au mwimbaji. Vikilia vyote viwili, msikilizaji hajui ampe nani pole. Atalia Chiriku. Uzi, wewe utamsindikiza tu kwa nyuma."

Uzi aliitikia kwa kichwa. Hata alitabasamu. Lakini njiani kurudi nyumbani, Chiriku alipomshika mkono alijifanya anakuna sikio.

Jumatatu alipeleka waya uliokatika kwa fundi wa redio. Fundi alikuwa mezani, ameinama, anayeyusha risasi ya kuunganishia nyaya kwenye sakiti. Hakujibu salamu. Aliyeshughulika na wateja ni mkewe. Uzi alipokuwa akisubiri aliona rafuni, nyuma ya betri zilizokufa, kisanduku cha chuma kisichopakwa rangi, chenye kitufe kimoja tu cha kuzungusha.

"Hiyo pedali?"

Mke wa fundi alimtazama mumewe kwanza. "Aliitengeneza mwenyewe. Ukiitaka ichukue. Itoke humu ndani."

"Ina ubovu gani?"

Mama yule alisogea karibu, akanong'ona. "Haina ubovu. Isikilize tu. Usiifananishe na kitu. Kwa mdomo usifananishe, na kwa kalamu usifananishe. Itakachofananishwa nacho, inakichukua. Na ukiivunja, kilichomo ndani hakirudi kwa mwenyewe. Kinapotea."

Uzi akacheka. Yeye, ambaye kazi yake ni kufananisha!

"Siku ya kuijaribu mume wangu alifurahi sana," mama aliendelea. "Akasema, 'Sikia, inalia kama mimi nikiimba bafuni.' Basi. Ndilo neno lake la mwisho."

Fundi aliinua uso. Alifungua kinywa, akakiacha wazi kwa muda, kisha akakifunga.

Alasiri hiyo Uzi aliichomeka. Sauti ilitoka nene, tamu, yenye mkwaruzo mdogo mwishoni. Mkono una mazoea yake. Kabla hajakumbuka onyo, kalamu ilikwisha kuandika: *Kama paka wa jirani.*

Yule paka wetu alikuwa juu ya ukuta saa hiyo, anadai chakula kama kawaida yake. Akafungua kinywa. Meno yakaonekana, ulimi ukaonekana, tumbo likajikaza. Hakikutoka kitu.

Uzi alijiambia ni bahati mbaya. Paka naye anaweza kuugua. Lakini alipopiga tena zile noti tano, ndani ya mkwaruzo kulikuwa na mlio mwembamba ambao dakika moja iliyopita haukuwepo. Na ulipendeza, hilo ndilo tatizo. Ulipendeza sana.

Jumanne akaijaribu kwa makusudi. Akaandika: *Kama kengele ya shule.* Kisha akasimama dirishani, panapoonekana uwanja wa shule. Saa sita kamili mwalimu wa zamu alitoka, akainua nyundo, akakipiga kile chuma kinachoning'inia. Akapiga tena. Akaitazama nyundo. Akapiga mara ya tatu kwa nguvu zake zote, na uwanja ukabaki kimya. Watoto hawakutoka.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeitupa chooni na kunawa mikono. Uzi alikaa kitandani akafikiri, na alichokifikiri sitakipamba kwa maneno mazuri. Alifikiri: gitaa au mwimbaji. Ilikuwa roho mbaya tu, ile ya kawaida, ambayo kila mtu anayo na wengi wetu hatupewi chombo cha kuitumia.

Alhamisi Chiriku alirudi kutoka kazini mapema, akaingia chumbani kwa kaka yake bila kubisha.

"Kumbe umepata mpya! Haya geuka ukutani, nikukanyagie."

Akageuka. Gitaa mapajani, daftari gotini. Nyuma yake mdogo wake alivua viatu, kwa sababu alipenda kukanyaga kwa kidole gumba peke yake.

"Namba moja."

Akapiga noti tano.

"Namba mbili."

Tano tena.

"Namba tatu. Mh! Kaka, hii ina roho."

Uzi alisogeza daftari. Kalamu ilikuwa mkononi. Angeweza kuacha. Nataka ijulikane hivyo. Angeweza kuacha.

"Kaka, afadhali tuko peke yetu. Nina jambo. Jana nilienda kwa kiongozi. Nikamwambia Jumamosi akupe wewe—"

*Kama Chiriku*, kalamu iliandika.

Kimya.

Hakugeuka mara moja. Alisikia kidole gumba kikiteleza kwenye chuma. Alisikia pumzi ikiingia, ikitoka, ikiingia haraka zaidi. Alipogeuka, mdogo wake alikuwa ameshika koo kwa mikono miwili, kinywa wazi kabisa, mishipa ya shingo imesimama. Alikuwa anapiga kelele. Ilionekana wazi kwamba anapiga kelele.

"Pole, mdogo wangu," Uzi alisema. "Ni mafua hayo. Koo litapona."

Mama alimchemshia maji, akamfunga kitambaa shingoni. Daktari alimulika koo kwa tochi, akasema ni zima kabisa, halina hata wekundu. Ijumaa kiongozi alipopata habari alisema hakuna jinsi, gitaa ndilo litalia. Na Uzi, ukiuliza alijisikiaje, alikula vizuri akalala fofofo.

Jumamosi Chiriku alikataa kubaki nyumbani. Alibeba mfuko wa kaka yake wenye nyaya, pedali na daftari, kama alivyozoea. Studio ilikuwa chumba kidogo kilichobandikwa magodoro ukutani. Mama yao naye alikuja, akakaa kwenye benchi karibu na mlango. Fundi mitambo alikuwa nyuma ya kioo. Bendi ilianza, na wakati ulipofika, Uzi akaikanyaga ile pedali isiyo na rangi.

Gitaa lililia. Si kwa mfano, lililia kabisa. Kiongozi alifumba macho, machozi yakamtoka. Mpiga ngoma alisahau kupiga. Mama aliinuka kwenye benchi polepole, mkono kifuani, maana hakuna mama asiyeitambua sauti ya mtoto wake.

Kisha, kati ya noti mbili, spika ikasema. Kwa sauti ya Chiriku, nyepesi, yenye kicheko chake ndani:

"—sehemu yangu. Wewe umengoja sana, kaka. Mimi nitaitikia tu."

Vidole vya Uzi vikaganda kwenye nyuzi.

Hakuna aliyesogea. Aliyekuwa na kitu cha kufanya ni Chiriku peke yake. Tangu Alhamisi alikuwa anaongea na watu kwa maandishi, na dakika ile, kabla sauti haijatoka, alikuwa ametoa daftari mfukoni amwandikie kaka yake neno la hongera. Kalamu ilikuwa tayari mkononi. Lilifunguka lilipofunguka.

*Kama mafuta yanayokaanga. Kama nyuki ndani ya kopo. Kama paka wa jirani: kanyamaza. Kama kengele ya shule: imenyamaza. Kama Chiriku.*

Na pembeni ya mstari wa mwisho, tarehe ya Alhamisi.

Alisoma mara mbili. Uzi aliuona uso wake ukibadilika na akatamani azabwe kibao, atukanwe, atemewe mate. Hakufanyiwa lolote. Mdogo wake aliketi tu sakafuni, akaweka daftari gotini vile yeye mwenyewe alivyozoea kuliweka, akaanza kuandika mstari mpya. Aliandika taratibu, kwa mwandiko wake wa duara. Neno la kwanza lilikuwa *Kama*. Neno la pili lilianza kwa K.

Gitaa lilikuwa bado shingoni, waya ukamvuta. Uzi akanyoosha mkono, akapiga kelele:

"Usi—"

Koo likafunga. Hakusikia maumivu yoyote. Alisukuma pumzi, akasukuma tena, na pumzi ikapita kama upepo unavyopita mlango wa nyumba iliyohamwa. Chiriku akaweka nukta.

Kitaa chekundu kilikuwa bado kinawaka. Spika ikamalizia, kwa sauti yake yeye mwenyewe:

"—andike."

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Hapa kalamu iliponza midomo miwili ya tumbo moja.

Bendi ilivunjika. Kiongozi alifuta rekodi siku ileile, na nasikia aliuza vyombo. Mke wa fundi alipoletewa pedali alifunga mlango na kusema kwa tundu la ufunguo yale aliyokwisha kusema: ukiivunja, kilichomo kinapotea. Basi mama yao anayo, uvunguni mwa kitanda chake, imefungwa kwenye kitenge. Haina betri. Haina waya.

Pale nyumbani sasa wanakaa watu watatu, na anayeongea ni mmoja. Mezani wale wawili hawatazamani. Mmoja akitaka chumvi, anagonga kijiko.

Lakini mchana, mama akiwa anafagia, wapangaji tunasikia. Inaanza na mkwaruzo, halafu fundi anaimba wimbo wake wa bafuni, halafu paka, halafu kengele. Halafu msichana anacheka, na mwanamume anaita "Mama!" mara moja, mbili, mpaka tisa. Mama huacha kufagia. Hupiga magoti kando ya kitanda, hulaza shavu sakafuni, husikiliza mpaka mwisho.

Juzi mpangaji mgeni, asiyejua lolote, alisimama mlangoni pake. "Mama, hiyo sauti ni ya nani? Mbona inalia kama—"

Mama alimrukia, akamziba kinywa kwa kiganja. Machozi yalikuwa yanamchuruzika mpaka kidevuni.

"Haifanani na mtu," alinong'ona. "Sijawahi kuisikia popote. Haifanani na mtu yeyote."

Na kule uvunguni, ikaita tena.