Gari Lililositasita Njia Panda

Mara mbili kwa wiki, binti mmoja, mshona nguo, alimpeleka mama yake hospitali kusafishwa damu. Figo za mama zilikuwa zimechoka, na siku hizo hazikuahirishwa.

Asubuhi moja walifika njia panda. Barabara ilikuwa tupu. Binti akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma, gari likabaki palepale. Mara likaruka hadi katikati ya barabara, likasita tena. Lori likaja likipiga honi. Gari likajivuta, wakaponea chupuchupu.

"Gari lako lina kwikwi," mama alitania. Lakini mkono wake ulikuwa bado umeng'ang'ania mlango.

Fundi wa kwanza hakufungua hata nati moja. "Giaboksi imekwisha. Tafuta nyingine."

Binti akawaza. Nyingine angeitoa wapi? Mama angefikaje hospitali keshokutwa?

Akaenda kwa jirani, fundi wa giaboksi. Mtaani walimwita Masikio, kwa kuwa husikiliza gari kabla ya kuligusa.

"Dada, kabla ya kuzika, tuhakikishe kwanza kama amekufa," alisema.

Akaunganisha kompyuta ya kupimia kwenye gari. "Inalalamikia presha ya mafuta. Haijataja kifaa kibovu. Tusikimbilie kubadilisha vitu."

Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, akayanusa. "Nani aliweka haya?"

"Yalipungua, nikaongezewa barabarani. Waliniambia mafuta ya giaboksi ni yaleyale."

"Siyo. Hii ni giaboksi ya aina ya CVT. Ndani kuna mkanda wa chuma kati ya puli mbili, magurudumu yanayouzungusha. Presha ya mafuta ndiyo inayozibana puli ili mkanda usiteleze. Inataka mafuta yake tu, yaliyotajwa kwenye kitabu cha gari."

Akafunga geji ya presha, akawasha injini, akaweka gia. Mshale ukaanguka, ukapanda, ukaanguka tena.

"Sasa tufungue chini," alisema Masikio. "Tukikuta vipande vya chuma, mkanda umeumia. Hapo hata mimi nitakwambia utafute nyingine."

Binti akageuza uso. Hakutaka kuona.

"Njoo utazame, dada."

Kwenye sumaku inayonasa chembe za chuma kulikuwa na ujiuji mwembamba wa kijivu. Vipande havikuwapo.

"Huu ni uchakavu wa kawaida. Mgonjwa wetu ni huyu." Akashusha valvu bodi, kipande cha chuma chenye vijia vingi vyembamba. "Humu valvu ndogo hufungua na kufunga njia za mafuta. Sukuma hii."

Binti akasukuma. Ikateleza kama sabuni. Ya pili ikagoma.

"Imenasa kwa uchafu," alisema fundi. Akaitoa, akamulika tundu lake kwa tochi. Akalikagua pande zote.

"Hakuna mikwaruzo. Ingekuwapo, tungebadilisha valvu bodi nzima."

Wakaisafisha, wakaweka chujio jipya na mafuta sahihi. Masikio akaifundisha upya kompyuta ya gari kuongoza giaboksi. Mafuta yalipopata moto, akapima tena. Mshale ukatulia.

"Usikae muda mrefu bila kubadilisha mafuta," alionya. "Na likisita tena, usingoje mpaka likutupe barabarani."

Siku ya hospitali, binti aliendesha kwa tahadhari. Kila aliposimama, alisikiliza. Kila alipokanyaga, gari liliondoka taratibu, bila kushtuka. Hata hivyo hakuthubutu kusema neno mpaka walipoegesha.

"Mama, tumefika."

Mama hakujibu. Binti akageuka kwa hofu.

Alikuwa amelala, akikoroma polepole.