Gauni Lisilovuliwa

Siku yenyewe ilianza kama siku yoyote ya kazi. Dirisha wazi, pasi ndogo ikipoa juu ya kigae, redio ya jirani ikijisemea peke yake. Fundi aliyeitwa Sindano alikuwa ameinamia mkono wa gauni usiozidi kidole chake, na mdogo wake alikaa sakafuni akimtungia uzi na kumchosha kwa maneno. Mtaa mzima ulimwita huyo mdogo Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao.

Kazi ya Sindano ilikuwa ya aina yake. Hakushonea watu. Alishonea wanasesere, wale wa kukusanywa, wanaokaa kabatini nyuma ya kioo na wenye mali wakiwatunza kama mboni ya jicho. Mteja alileta picha ya kale, akasema anataka gauni kama lile, naye akalishona kwa mkono mpaka vifungo vya mgongoni. Majirani walimtania kwamba amepata wateja wa maana: hawanenepi, hawabishi, hawatoki jasho. Alicheka nao. Kazi hiyo ndiyo iliyowaweka mjini yeye na mdogo wake tangu shangazi yao alipofariki, shangazi aliyewalea na kumfundisha kushika sindano.

Shangazi aliwaachia miiko miwili. Wa kwanza ulikuwa wa ufundi: gauni la kale halishonwi kwa kitambaa kipya, maana kitambaa kipya juu ya mwili mdogo husimama kama mkeka. Tafuta nguo iliyovaliwa ikalainika. Wa pili hakuueleza. Nguo haishonwi mwilini. Hata kifungo kikikatika ukiwa mlangoni, vua kwanza. Ukilazimika sana, mwenye nguo aume uzi kwa meno mpaka umalize, ili roho yake ijue kwamba haishonwi yeye. Na mwanasesere ni vilevile. Mpe kulabu, mpe vifungo, usimshonee nguo akiwa ameivaa. Kitinda aliwahi kumuuliza kwa nini. Shangazi akasema mdoli hana meno ya kuuma uzi.

Siku ile walicheka hadi machozi.

Basi mchana wa siku hii ya kazi akaingia mzee mmoja mtanashati, mwenye sauti ya chini na mikono isiyojua kuosha vyombo. Alikumbatia sanduku la mbao kama mtu aliyebeba mayai. Ndani yake mlikuwa na mwanasesere mwenye kichwa cha kauri na mwili wa pamba, uchi, amelala juu ya hariri. Mashavu yalipakwa rangi kwa ustadi, na midomo pia. Ila macho hayakumaliziwa. Mahali pa mboni palikuwa peupe.

Alitaka gauni la zamani za mabibi wa mabibi: kola ndefu hadi chini ya kidevu, kiuno cha kubana, safu ya vifungo mgongoni. Vifungo viwe vya pambo tu. Mgongo ushonwe moja kwa moja akiwa amelivaa, lisivuliwe tena. Na kitambaa kiwe kile kilichozoea mwili wa mtu, wa mtu aliye hai. Sindano akasita. Akajaribu kumweleza kwamba huwa anaweka kulabu, hazionekani kabisa. Mzee akatabasamu kwa upole, kama mtu anayemtazama mtoto anayeogopa giza.

"Hata kwa mdoli, binti yangu?"

Sindano aliona aibu. Mtu mzima, amesoma, anamwogopa mdoli. Akakubali.

Rangi ndiyo iliyosumbua. Mzee alitaka samawati iliyopauka, na katika mifuko yote ya mitumba haikupatikana. Kitinda ndiye aliyekumbuka gauni lake la utotoni, lililokunjwa chini ya kabati. Sindano akalishika, akakuta bado lina alama ya chai kifuani, akasema hapana.

"Kata tu, dada," Kitinda akamwambia. "Au unadhani nitarudi kuwa na miaka saba?"

Akalikata.

Kipimo alikichukua kama alivyofundishwa, kwa ukanda wa karatasi unaozungushwa mwilini na kutobolewa kwa pini pale ncha zinapokutana, kwa sababu futi ya fundi ni nene mno kwa viuno vidogo. Hapo palikuwa na jambo ambalo angelitilia maanani, kama angetaka. Kila alipompima upya, mwanasesere alikuwa amepungua kiuno kidogo. Akajilaumu kwamba mkono wake hautulii.

Siku ya kumalizia jua lilikuwa utosini, chumba cheupe kwa mwanga. Kitinda alikuwa akichambua vifungo kwenye kisahani huku akisimulia harusi ya muuza vyuma, ambapo bwana harusi aliazima viatu na kimoja kikawa kidogo kuliko mwenzake. Sindano alimvalisha mwanasesere, akamlaza kifudifudi mapajani, akaanza kushona kutoka kiunoni kwenda juu.

"Basi bwana harusi akainuka," Kitinda akasema, "watu wote wanamtazama, anachechemea..." Akavuta pumzi. "Dada, hii nguo imenibana."

Sindano alimtupia jicho. Kitinda alivaa dera pana, la kuingia watu wawili.

Akaendelea kushona. Alikuwa amebakiza kidogo tu, na mkono wa fundi ukishazoea njia husimama kwa shida. Nyuma yake vifungo vikalia kwenye kisahani. Kisha vikaacha kulia. Akafika kwenye kola. Akapiga fundo. Akakata uzi kwa meno.

Akamwita Kitinda aje alione gauni.

Alipogeuka, mdogo wake alikuwa amekaa wima kama msumari. Kidevu juu. Mikono imebana mbavu. Midomo imefumbwa, nzuri, imetulia. Kifua kilipanda kidogo, kidogo mno, kama cha mtu aliyefungwa mkanda. Macho tu ndiyo yaliyosogea. Yalimtazama dada yake, kisha yakashuka mapajani mwake.

Sindano akatazama chini. Mwanasesere alikuwa na mboni. Za kahawia.

Akashika mkasi. Akakata mshono wa kwanza, na mgongoni kwa Kitinda, juu ya dera, likatokea tone la damu. Akakata wa pili. Tone la pili, chini ya la kwanza, limepangana nalo kama vifungo. Chini ya mishono aliyoikata palikuwa na mishono mingine, ileile, mkono uleule, ambayo hakuishona. Mkasi ukamtoka.

Akakumbuka uzi. Akakimbilia kuuweka katikati ya meno ya mdogo wake, akimnong'oneza uma, mama, uma tafadhali. Meno hayakuachana. Alisukuma mpaka kucha ikavunjika.

Hodi ikabishwa mlangoni, mara moja, kistaarabu.

Mzee hakuonekana kushangaa. Alimwinua mwanasesere, akaugeuzia mgongo wa gauni kwenye mwanga, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sindano alikuwa chini, ameshika pindo la suruali ya mzee. Alimwomba aache sanduku, hata siku moja tu. Akamwomba amchukue yeye badala yake.

"Usilie, fundi," mzee akasema taratibu. "Mimi navitunza vitu vyangu. Sijawahi kuvunja hata kimoja."

Akamlaza mwanasesere sandukuni, akaondoka. Sindano alimfuata mbio hadi njia panda. Watu walikuwa wengi, kweupe, na hakuna aliyemwona mzee wa sanduku.

Madaktari walimpima Kitinda, wakakuta mapafu safi, damu safi, koo safi. Walisema ni mshtuko, wakasema apewe muda. Waliokaa nao ukuta mmoja walimwona kila siku dirishani, wima, uso umeelekea njia. Sindano humlisha uji kwa kijiko kupitia upenyo mdogo wa midomo. Huzunguka masoko na maduka ya vitu vya kale, akiuliza. Usiku hulala miguuni pake. Hata ile hadithi ya harusi hajui iliishaje.

Na kuna vumbi. Humtua Kitinda mabegani hata akiwa ameogeshwa punde, jembamba, la kijivu, la kabatini. Asubuhi nyingine halipo, limepanguswa, na Sindano siye aliyelipangusa.

Juma lililopita alisikia mdogo wake akitoa sauti kwa mara ya kwanza. Si neno. Mlio mmoja mfupi, kama wa kikombe kinachogonga sakafu. Akakuta ufa umeshuka kutoka sikioni hadi kwenye kidevu, mwembamba kama unywele. Haukutoa damu. Kwenye bega palikuwa na chembe nyeupe ya kauri, na macho ya kahawia yalikuwa yamejaa maji yasiyodondoka.

Alikesha akiushikilia uso ule kwa viganja vyote viwili, akiogopa hata kupiga chafya. Alfajiri usingizi ukamwiba kidogo tu.

Alipoamka, ufa ulikuwa umezibwa. Juu yake palipita mstari safi wa gundi, ambayo bado haijakauka. Na kando ya mstari palikuwa na alama ya dole gumba la mtu, kubwa, imejaa shavu zima, kama iliyobonyezwa kwenye uso wa mdoli.