Msamaha wa Zizini

Zizi la Mangi, mtawala wa zamani wa Wachagga, lilikuwa halijaona ng'ombe tangu kabla Yuditha hajazaliwa, lakini siku ile lilinuka maziwa mabichi na samadi ya moto.

"Bado mnafuga?" Yuditha alimuuliza Sifael, mtembeza wageni.

"Hapana, mama. Siku hizi ni makumbusho tu," alijibu, akakwepa macho yake.

Yuditha hakulipenda jibu lile. Wala hakumpenda Sifael mwenyewe, na tabasamu lake lisilokwisha, na ile tabia yake ya kufunga kila mlango waliouacha nyuma. Akaushika kwa nguvu mkono wa binti yake, Goodness. Mimba kadhaa zilimharibikia kabla ya mtoto huyu, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Walikuwa wametoka kanisani Old Moshi, mtoto aking'ang'ania kuiona nyumba ya Mangi iliyosimuliwa darasani. Sasa Yuditha alijuta kukubali.

Wakaoneshwa kitanda cha Mangi, mkuki wake na redio yake ya mbao. Sifael akaeleza jinsi malisho yalivyoteremka hadi tambarare. Yuditha hakusikiliza. Nyuma ya ukuta kulikuwa na kitu kikicheua, taratibu, kama ng'ombe aliyeshiba.

"Unasikia?" alinong'ona.

"Upepo, mama," Sifael alisema, jasho likimtoka. "Tumalizie nje."

Huyu mtu ananificha jambo, Yuditha aliwaza. Mtoto wangu simwachii ng'o.

Walipofika uani Sifael alirudi kufunga mlango, naye Yuditha akageuka kumchunga. Ndipo bibi mmoja alipotokea upande wa zizi, ameshika jani bichi la isale, mmea wa kuombea msamaha.

"Shikamoo, bibi."

Bibi hakuitikia. Alipiga magoti, akamnyooshea lile jani. "Nisamehe, mwanangu."

Bibi mzima kupiga magoti! Yuditha aliona aibu. Na Mchagga akiletewa isale hakatai, hata kama aliyelileta amemuulia ndugu. Akikataa, laana ni yake. Hakuuliza kosa. Aliuachia mkono wa Goodness, akapokea kwa mikono miwili kama alivyofunzwa, huku macho yake yakirudi kwa yule mwanamume mwenye funguo.

"Nimekusamehe, bibi. Inuka."

Bibi akashukuru, akaenda zake.

Sifael alipoliona lile jani, funguo zilimdondoka. "Nani kakupa?"

"Bibi yenu, aliyetokea zizini."

"Hapa hatuna bibi! Hilo ni jini, mama. Lilimkatia Mangi majani ya ng'ombe, ng'ombe wakauzwa, lenyewe likabaki. Linatafuta mwili wa kutoka nao, na haliwezi kumgusa mtoto mpaka mzazi alisamehe kwanza. Ndiyo maana nafunga milango. Ningesema, nani angekuja?" Sauti ikamzama. "Mtoto yuko wapi?"

Mdhaniwa ndiye kumbe siye. Yuditha alikimbia akiliita jina la mwanawe, akaingia zizini gizani, harufu ya maziwa ikimjaa puani, kile kitu kikicheua kulia kwake, kisha kushoto, kisha karibu kabisa na sikio lake, halafu kikanyamaza ghafla, na hapo akamwona Goodness ameketi juu ya hori, gauni lake la kanisani safi, miguu ikining'inia.

"Chukua jani lako!" Yuditha alilipigia kelele lile giza. "Sijasamehe! Nasema sijasamehe!"

"Isale halirudishwi, mama," Sifael alisema mlangoni, naye akilia.

"Mama, twende nyumbani," Goodness alisema, kwa sauti yake ileile.

Yuditha alimshukuru Mungu kwa sauti, akamshusha, akamshika mkono. Kiganja kilikuwa kidogo, cha mtoto wa darasa la kwanza. Lakini kilikuwa kigumu, kimejaa sugu za mtu aliyeshika mundu maisha yake yote.

Alitaka kuuachia mkono ule. Hakuweza. Ulikuwa mkono wa mwanawe, naye alikuwa ameshasamehe.