Mikate Kwenye Kitasa cha Shangazi Vieno

Mfuniko wa birika la kahawa ulikuwa ukigongagonga kabla hakujapambazuka. Kila Jumamosi sauti hiyo ndiyo humwamsha mjukuu wangu Helka, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja. Aliingia jikoni amevaa soksi moja tu.

"Mikate imeiva, Bibi?"

"Imeiva. Hii minne ni ya Shangazi Vieno. Usiiguse."

"Siigusi. Nainusa tu."

Vieno ndiye mpiga kinanda wa kanisa letu. Tangu majani ya miti yalipoanza kuanguka, hakuwa ametoka nyumbani, na kinanda kilikuwa kimya. Huku kwetu Finlandi, mtu akijifungia ndani, tunamwachia utulivu wake. Tunaona hiyo ndiyo heshima. Kwa hiyo kila wiki nilimtuma Helka atundike mfuko wa mikate ya iliki kwenye kitasa cha Vieno, kisha aondoke bila kubisha hodi.

Siku hiyo Helka alipofika mlangoni, alisimama ghafla. Mfuko wa Jumamosi iliyopita ulikuwa bado unaning'inia pale pale, na mikate imeganda kwa baridi. Alikumbuka nilivyomwonya asimsumbue mtu, lakini aliogopa zaidi kuondoka. Akabisha. Kimya. Akabisha tena, safari hii kwa ngumi.

"Nani?" Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Mimi Helka! Shangazi, mikate yako imekuwa mawe!"

Mlango ukafunguka. Vieno alikuwa amejifunika blanketi, nywele timutimu.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Kila Jumamosi nasikia hatua zinakuja, halafu zinakimbia. Nikadhani hakuna anayetaka kuniona. Hata Mungu, nilidhani amepita hapa mlangoni akaenda zake."

"Bibi alisema tusikusumbue."

"Nisumbueni, mwanangu. Nisumbueni kidogo."

Wakaketi mezani na mikate mipya. Vieno alisema siku nyingi sasa anashindwa kusali, maneno hayaji.

"Basi nitasali mimi," Helka alisema. "Wewe sema amina tu." Akafumba macho. "Ee Yesu, asante kwa mikate laini. Ile migumu tusamehe. Kaa na Shangazi Vieno, hata asipojisikia kuongea. Amina."

"Amina," Vieno alisema, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akala mkate wote.

Helka aliponisimulia, nilivaa koti papo hapo. Nilimkuta Vieno bado ameketi pale mezani, nikamwomba radhi. Jumatatu nilimsindikiza kwa daktari, naye akasema ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, lakini wenye tiba. Tangu hapo, kila Jumamosi tulikunywa kahawa kwake, tukasali, tukaimba ubeti mmoja. Mwanzoni Vieno alisikiliza tu. Wiki ya tatu vidole vyake vilianza kugonga meza kana kwamba anapiga kinanda.

Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi alirudi kanisani. Alikosea noti mara mbili, nasi tukaimba kwa nguvu zaidi. Mzee Tauno, ambaye husinzia kila ibada, aliamka akasema, "Leo paa litang'oka!" Kanisa zima likacheka.

Tulipotoka, Helka aliniuliza, "Bibi, nilifanya vibaya kutokukutii?"

"Nilikosea mimi," nikamjibu. "Mungu hamkimbii mwenye moyo uliovunjika. Anaingia, anakaa naye, na mara nyingi hututuma sisi tuingie kwanza. Anayeugua moyo anahitaji maombi, daktari na watu wa kuketi naye. Chakula cha mlangoni pekee hakitoshi."

Vieno alikuja nyuma yetu, mashavu mekundu kwa baridi, akamshika Helka mkono.

"Msidhani nimepona kabisa," alisema akitabasamu. "Kuna asubuhi ambazo bado ni nzito. Jumamosi mtakuja tena, sivyo?"